Ni Mgonjwa Wangu Tu

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Wahenga hao hawakumjua Daktari Manjit Kaur. Mwanamke huyu aliyaficha mapenzi yake mwaka mzima na zaidi, na nyumbani kwao Parklands, Nairobi, hakuna aliyeshuku kitu. Mama yake alikuwa bado anamwonyesha kwenye simu picha za vijana wa Kisumu na wa Uingereza, mmoja ana kilemba, mwingine ana gari, wote wana mama wanaopiga simu kila wiki. Baba yake, mzee Harbhajan, alikuwa bado anasema, "Mwacheni mtoto. Anapenda kazi."

Na kazi aliipenda, hilo tusimwonee. Yeye ndiye aliyeongoza mpango wa kuwarudisha kwenye maisha wanajeshi wa zamani waliokatwa miguu na mikono, katika kituo kimoja kando ya Ngong Road, karibu na Jamhuri. Wanaume waliofika pale wakiwa wamebebwa, wakitukana kila mtu hadi mpishi, walitoka wakitembea. Walimwita Afande Daktari, nao walimwogopa kuliko walivyowahi kumwogopa meja yeyote.

Kiema alikuwa mmoja wao. Koplo wa zamani, Mkamba wa Mwala, mlipuko ulimkata mguu wa kushoto chini ya goti akiwa doria. Alimaliza mpango, akaagwa kwa makofi, faili yake ikapelekwa kwa daktari mwingine, akaenda zake. Alifungua kitalu cha miche na maua pale pale Ngong Road. Jioni moja Manjit alisimamisha gari anunue waridi la mama yake. Akarudi wiki iliyofuata akasema waridi limekauka. Halikuwa limekauka. Kiema alimtazama akacheka, akamwambia, "Daktari, waridi langu halikauki kwa wiki moja. Sema ukweli, umekuja kuniona." Manjit akaona haya hadi masikio yakawaka moto, na kuanzia siku hiyo jina la Daktari likafa kati yao. Akawa Manji.

Kwa hiyo ile Jumapili haikuja ghafla. Nyumbani Parklands kulikuwa na sala ya Kisikh, Kitabu Kitakatifu kimeletwa, sebule imeondolewa makochi na kutandikwa shuka nyeupe ukuta hadi ukuta. Baada ya sala watu wangekula. Manjit alikuwa amemwambia mama yake, "Nitaleta mtu," na mama akaacha kukanda unga, akamkumbatia kwa mikono yake yenye unga, akauliza, "Daktari?" Manjit akasema, "Utamwona."

Jumamosi Kiema alimpigia simu.

"Manji, nakuuliza mara ya mwisho. Umewaambia kuhusu mguu?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Kiema, wacha wasiwasi. Njoo tu vile ulivyo."

Uongo mtupu! Hakuwa amemwambia mtu neno. Alhamisi alifungua mdomo, mama akapokea simu. Ijumaa shangazi Jasbir alikuja na masufuria yake. Jumamosi watu walikuwa wanatandika. Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri, na daktari wetu alizikusanya zote.

Hapa lazima nieleze jambo moja, mniwie radhi, bila hilo hamtajua uzito wa kosa lake. Mguu bandia hupangwa kufuata kiatu. Fundi hutazama kisigino cha kiatu ambacho mtu huvaa, kisha hukaza unyayo wa bandia ukae sawa na kisigino kile. Ukitoa kiatu, kisigino kinashuka, na mguu mzima unamsukuma mwenyewe kinyumenyume. Manjit alilijua hilo kuliko alivyojua kupika chai. Yeye ndiye aliyeanzisha ule utaratibu wa kabari: kila mwanajeshi Mwislamu kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alipewa kabari ndogo ya raba ya kutia ndani ya soksi, chini ya kisigino, ili akivua viatu msikitini asianguke mbele ya safu. Alikuwa na boksi zima la kabari hizo ofisini. Kiema hakuwahi kupewa, kwa kuwa kanisani kwao watu huingia na viatu vyao, na nyumbani alizoea magongo yake. Wiki nzima Manjit alipita karibu na boksi lile. Hakuchukua hata moja. Kuchukua kabari kungemaanisha kuieleza pale mlangoni, na kuieleza kungemaanisha kuusema mguu.

Kiema alifika amevaa suti ya kijivu, amebeba chungu kikubwa cha asumini ya kumpa mama. Alikuwa amenyoa vizuri. Manjit alimwona kutoka dirishani akasikia furaha, kisha macho yakamshukia kwenye viatu vyake.

Mzee Harbhajan mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. "Karibu, bwana, karibu! Leo tuko na sala, kwa hivyo viatu tunaacha hapa. Na hii kitambaa ni ya kichwa."

"Asante, mzee." Kiema alifunga kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani. Kisha akatazama viatu vilivyopangwa kando ya mlango, akamtazama Manjit. Akamsogelea kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Wanajua, si ndiyo?"

Manjit akaitikia kwa kichwa.

Ilikuwa bado mapema. Neno moja lingetosha. Angemwambia baba yake, "Papaji, mpe kiti." Angesema, "Kiema, nishike mkono." Kiema alimngoja, na macho yake yalikuwa yanauliza waziwazi: nitafanyaje? Nyuma ya Manjit, shangazi Jasbir alikuwa amesimama na binamu wote, wanamkagua mgeni tangu kitambaa hadi soksi. Manjit akaangalia pembeni. Akajifanya anarekebisha ushungi wake.

Basi Kiema akavua viatu. Alikuwa mwanajeshi, akipewa amri katika nyumba ya watu huifuata. Akainua asumini yake kwa mikono miwili, akaingia sebuleni.

Hakufika kwa mama. Mguu ulimsukuma nyuma, soksi ikateleza kwenye kigae pale mlangoni zilipoishia shuka, na mwanaume mzima akaenda chini kwa mgongo. Chungu kilipasuka. Udongo mweusi ulimwagika juu ya shuka nyeupe, hadi karibu na magoti ya wanawake waliokuwa wameketi. Suruali ilipanda, na kila mtu sebuleni akaona chuma.

Mama yake Manjit alipiga ukelele akaziba mdomo. Manjit alikuwa ameshapiga magoti chini, anashika goti la Kiema, anapapasa kigutu. Mikono yake ilifanya kazi bila kumwuliza.

Shangazi Jasbir aliuliza kwa Kipunjabi, kisha, ati aibu haikutosha, akarudia kwa Kiswahili: "Manjit! Ndiye huyu? Huyu ndiye ulisema utaleta?"

"Manjit," mzee Harbhajan alisema polepole. "Huyu ni nani?"

Macho yote yakamgeukia. Kiema naye alimtazama, amelala kwenye udongo wa maua yake mwenyewe, anamngoja tena.

"Ni mgonjwa wangu, Papaji," Manjit alisema. "Ni mgonjwa wangu tu."

Kiema alimwondolea mkono gotini, taratibu, kama mtu anayeondoa jani lililomwangukia. Akajivuta hadi mlangoni kwa makalio, mbele ya watu wote, akakataa mkono wa mzee, akaketi kwenye ngazi akavaa viatu. Aliposimama, akavua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akamkabidhi mzee.

"Samahani kwa shuka, Mama," alisema. Akaondoka.

Jumatatu Manjit alienda kazini. Angeenda wapi kwingine? Macho yalikuwa yamemvimba, akawaambia wauguzi ni vumbi. Na shetani hana likizo: Jumatatu ndiyo siku ya kikao cha jamaa, siku ambayo wake na mama wa wanajeshi huja kufundishwa namna ya kuishi na mtu aliyerudi bila kiungo. Na Jumatatu ndiyo siku ambayo Kiema alikuja kila wiki, kwa hiari yake, kuwatembeza uani wanajeshi waliofika karibuni.

"Afande Kiema yuko wapi?" aliuliza Oloo, sajini wa zamani aliyekatwa mguu juu ya goti. "Hajawahi kukosa, hata siku ile ya mvua."

"Ana kazi," Manjit alijibu.

"Kazi gani inamshinda sisi?"

Mkewe Oloo, Peres, alimkanyaga mguu mzima amnyamazishe. Peres alikuwa mwanamke wa maneno, alikuwa anauza mitumba, na siku hiyo alikuwa na lake moyoni.

"Daktari, mimi niko na shida. Mama mkwe anakuja wiki ijayo kutoka Siaya. Kwa simu tulimwambia Oloo alivunjika tu. Sasa mimi nafikiria, tumlaze kitandani, tumfunike blanketi, tuseme ako na malaria. Mama akishazoea Nairobi, pole pole tumwambie. Ama wewe waonaje?"

Watu wakacheka, na Oloo akasema, "Malaria ya mguu mmoja!" Wakacheka zaidi. Kisha wakamgeukia Manjit, kwa sababu jibu walilijua. Kila mtu katika kituo kile alilijua. Aliwafundisha tangu siku ya kwanza, na walipenda kuliimba pamoja naye kama watoto wa shule: Usiufiche mguu wa mtu wako. Ukiuficha mguu, umemficha yeye.

"Usiufiche..." Manjit alianza.

Sauti ikakwama. Akakohoa, akajaribu tena. Watu wakangoja. Mwishowe Oloo akaimalizia mwenyewe, akidhani anamsaidia daktari: "Ukiuficha mguu, umemficha yeye! Umesikia, Peres? Mimi si karanga za kufichwa kwa leso."

"Nimesikia, baba. Nilikuwa nauliza tu," Peres alisema. Akamtazama Manjit sana. "Daktari, wewe hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Hujambo hiyo siioni."

Manjit alitoka, akaingia ofisini, akajifungia. Lile boksi la kabari lilikuwa pale pale kwenye rafu. Akalia hadi akachoka, na kulia hakukumpunguzia chochote. Mtu akikosewa hulia akapata nafuu. Mtu aliyekosa analia na kosa liko vile vile, linamngoja apanguse pua.

Saa tisa alichukua gari akaenda kitaluni.

Kiema alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, katikati ya miche ya parachichi, anajaza udongo kwa chepeo kwenye mifuko midogo myeusi. Hakuwa na mguu. Suruali ilikuwa imekunjwa na kupigwa pini, magongo yameegemezwa kwenye uzio. Manjit alijua maana yake: kigutu kimevimba, mguu bandia hauingii.

"Kiema."

"Karibu, Daktari. Miche ya parachichi iko, na maembe yamebaki machache."

Lile neno Daktari lilimchoma. Alisogea, akachutama mbele yake. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Kigutu. Kimevimba, naona. Kama ngozi imepasuka inaweza kuingia uchafu, na wewe unashika udongo. Tafadhali."

Kiema alishusha mfuko aliokuwa anajaza. "Mimi nina daktari wangu. Anaitwa Wesonga, wewe mwenyewe ulinikabidhi kwake ili upate nafasi ya kuja kununua maua. Nilimpigia asubuhi. Nitaenda kesho." Akafuta mikono kwenye suruali. "Wewe umekuja kama nani?"

Manjit aliurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Basi ukijua utaniambia," Kiema alisema, akaokota mfuko mwingine.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Wa jana."

"Jana kulikuwa na mambo mengi. Chagua moja."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtesa Manjit. Laiti angepiga kelele! Laiti angerusha kile chepeo! Manjit akaketi chini kwenye udongo, na suruali yake safi ya kazini, akasema yote.

"Sikuwaambia. Nilikudanganya kwa simu. Sikuwaambia kuhusu mguu, wala jina lako, wala kwamba wewe si Mhindi. Na pale mlangoni uliponiuliza nilikudanganya tena. Nilijua utaanguka, Kiema. Nilijua vizuri kabisa. Nilikuwa naomba Mungu usianguke, na mdomo wangu nimeufunga."

Kiema aliuweka mfuko chini. Gari kubwa lilipita barabarani, vumbi likatua juu ya majani.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mimi nilifikiri ulisahau. Jana usiku nilikutetea. Nilijiambia, mtu akiwa na wageni wengi husahau. Nikasema Manji amechanganyikiwa tu, maskini." Akatikisa kichwa. "Ile bomu ilinikata mguu. Lakini haikunipigia simu kwanza ikaniambia njoo tu vile ulivyo."

"Nisamehe."

"Ngoja. Mimi kuanguka si kitu. Nimeanguka kwako kituoni mpaka ukuta ukanijua jina. Nimeanguka hapa mbele ya wateja, nikainuka nikawauzia. Hata kile chuma, wacha wakione, nililipa na nyama yangu. Lakini nilipokuwa pale chini niliinua macho nikakutafuta wewe, Manji. Nikamwona daktari."

Manjit alifunika uso kwa mikono yenye udongo.

"Unajua mimi kwetu nilisemaje?" Kiema aliendelea. "Nilienda Mwala, nikamketisha mama chini, nikamwambia kuna mwanamke anaitwa Manjit, ni Kalasinga, na nampenda. Mama hakulala. Alisema, 'Kiema mwanangu, wasichana wa Ukambani wameisha? Huyo atakula muthokoi?' Ndugu yangu Ngui alisema nimerogwa. Tuligombana siku mbili. Lakini wanajua jina lako. Ukienda leo Mwala ukapotea njia, uliza boma la Kiema, mama atakuambia wewe ndiye yule. Atakununia, lakini chai atakupa."

"Wewe ni jasiri kuliko mimi."

"Hapana! Usinipake mafuta." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Wanaume wanakuja kwako wakiwa nusu, unawaambia wasijifiche. Wake zao wanakuja, unawaambia wasiwafiche. Kumbe ni maneno ya kazi? Ukifunga ofisi unayaacha ndani?"

Manjit alitazama gari lake barabarani. Alikaa pale chini, akaona wazi kwamba angeweza kuinuka, kuingia kwenye gari, kurudi Parklands. Mama angenyamaza, shangazi angesahau baada ya mwezi, na picha za vijana wa Uingereza zingerudi kwenye simu. Kila kitu kingekuwa salama, na mtu huyu asingekuwepo. Wazo hilo lilimtia hofu kubwa kuliko hofu ya baba yake. Akatoa simu.

"Unafanya nini?" Kiema aliuliza.

Hakumjibu. Alipiga, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

Mzee Harbhajan alikuwa dukani kwake mjini, duka la vipuri vya magari. Nyuma yake mtu alikuwa anagonga chuma. "Ndiyo, beti, binti yangu," alisema.

"Papaji, nazungumza Kiswahili kwa sababu Kiema yuko hapa anasikia. Jana ulinijia na swali nikakudanganya. Si mgonjwa wangu. Alikuwa, zamani. Yeye ndiye niliyesema nitamleta. Nampenda, Papaji. Nataka kuolewa naye."

Chuma kiliacha kugongwa. Pengine mzee aliashiria kwa mkono.

"Mama yako hajala tangu jana," alisema hatimaye. "Shangazi yako amepigia simu Parklands yote, sasa amefika Westlands. Mimi nimekuja dukani kutoroka kelele, na wewe unaniletea hii dukani."

"Najua, Papaji."

"Yeye si wa kwetu."

"Najua."

"Unataka mimi niseme sawa, kwa simu, hivi hivi? Siwezi sema sawa. Sijui kama nitaweza hata mwaka ujao. Hiyo ni mimi na Mungu wangu na mama yako, tutapigana nayo."

Manjit aliuma mdomo. Kiema alikuwa ametazama chini, anazungusha chepeo kwenye udongo.

"Lakini kuna kitu moja nataka unieleze," mzee akaendelea. "Jana nilikuwa nimesimama karibu na wewe. Nilimwona huyu kijana akikuangalia kabla atoe viatu. Nilikuona wewe ukiangalia kando. Nikafikiria, huyu ni mgonjwa, na binti yangu ni mtaalamu, anajua anachofanya. Labda ni mazoezi. Usiku mzima nilijiambia hivyo. Sasa unaniambia si mgonjwa. Unaniambia unampenda." Mzee akashusha sauti. "Kama unampenda, Manjit, mbona ulimwacha aanguke?"

Mungu wangu! Katika maswali yote aliyojiandalia usiku kucha, ya dini, ya kabila, ya watoto watakaokuja, hili hakulitarajia. Na aliyeliuliza ni baba yake.

"Niliwaogopa nyinyi, Papaji," alisema huku analia. "Niliwaogopa kuliko nilivyompenda."

Kiema aliacha kuzungusha chepeo.

"Mimi nilikulea uogope Mungu," mzee alisema. "Sikukulea uniogope mimi hadi mtu aumie ndani ya nyumba yangu, siku ya sala. Alikuja na maua. Mama yako ameyapanda kwenye ndoo, anayatilia maji na huku anatukana." Akavuta pumzi. "Sikia. Usimlete kwangu tena."

"Papaji, tafadhali..."

"Sijamaliza! Usimlete kwangu tena mpaka yeye mwenyewe akusamehe. Nitamwangalia vipi machoni kabla ya hapo? Mambo ya kukubali ama kukataa, hayo tutaongea siku hiyo. Leo sina mdomo wa kumkatalia. Mwulize. Mimi niko kwa simu."

Manjit aliinua uso. Machozi na udongo vilikuwa vimechanganyika mashavuni, na hakuwa na haja ya kuvifuta. Alitamani kusema mambo mengi: kwamba hatarudia, kwamba atamwambia mama, atamwambia Jasbir, atasimama sokoni Ngara atangaze. Lakini aliona kwamba kila moja lilikuwa ni la kujitetea. Akauliza tu lile aliloambiwa aulize.

"Kiema. Utanisamehe?"

Kiema alimtazama. Yale yalikuwa macho ya Kiema wake, si ya muuza miche, na ndani yake mapenzi yalikuwepo bado, yamekaa pamoja na maumivu, hakuna kilichomfukuza mwenzake. Mteja mmoja alisimama getini akauliza bei ya mlimau, hakuna aliyemjibu, akaenda zake.

"Mwambie mzee bado," Kiema alisema.

 Manjit akasogeza simu mdomoni.

"Amesema bado, Papaji."

"Nimemsikia," mzee Harbhajan alisema. "Ni haki yake."